Je, Yai Lililogandishwa Hupona? Mjadala wa Sauti Tatu

Yai la uzazi la mwanadamu likishakomaa huwa na kipenyo cha takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa kipimo hicho ndilo seli kubwa kuliko seli nyingine zote za mwili wa mwanamke. Ndani yake mmejaa maji, na maji hayo ndiyo chanzo cha mashaka yote yanayojadiliwa hapa, kwa kuwa yakiganda hugeuka fuwele za barafu ambazo zikiota ndani ya seli hupasua utando wake na kuvuruga kila kilichomo. Mbegu za kiume, zilizo ndogo na zenye maji machache, zilivuka mtihani huo mapema. Mwaka 1949 Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walitangaza nchini Uingereza kwamba kimiminika kiitwacho gliseroli huzikinga mbegu za jogoo dhidi ya madhara ya baridi, na kufikia mwaka 1953 zilikuwa zimepatikana mimba za kwanza za binadamu kutokana na mbegu zilizogandishwa. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanayafahamu matunda ya ugunduzi huo, kwani mbegu za madume bora ya ng'ombe huhifadhiwa katika naitrojeni kimiminika huko Usa River mkoani Arusha na Kabete jijini Nairobi, kisha hupelekwa hadi vijijini zikiwa bado na uwezo wa kutungisha mimba. Yai la mwanamke halikukubali kwa wepesi huo. Mimba ya kwanza iliyotokana na yai lililogandishwa iliripotiwa na Christopher Chen wa Adelaide, Australia, mwaka 1986, na hata baada ya habari hiyo kuenea, zaidi ya miaka kumi ilipita huku watoto waliozaliwa kwa njia hiyo wakiwa wachache mno.

Leo hali ni tofauti, na mayai yanayonusurika baada ya kuyeyushwa ni mengi kuliko yanayokufa. Hata hivyo, wahusika hawajakubaliana juu ya maana ya kunusurika huko. Mjadala unaofuata unaendeshwa na sauti tatu: Tabibu, ambaye amewahudumia wanawake wengi waliorudi kuyadai mayai yao na kutoka mikono mitupu, Mwanamaabara, ambaye kazi yake ni kuyagandisha na kuyayeyusha, na Mshauri, anayekaa na mwanamke kabla ya karatasi za ridhaa kutiwa saini.

Tabibu ndiye anayeanza, na hoja yake ni kwamba kipimo kinachotumiwa na maabara ni kifupi mno. Yai likishatolewa kwenye naitrojeni na kurejeshwa katika joto la mwili, hutazamwa kwa hadubini baada ya muda mfupi, na likionekana duara, lenye utando mzima na saitoplazimu angavu, yaani ule ute unaojaza seli, huandikwa kuwa limenusurika. Lakini yai, anasema, halihifadhiwi ili lionekane zima. Linahifadhiwa ili lirutubishwe, ligawanyike na kuwa mtoto, na uwezo huo umebebwa na viungo vidogo ambavyo hadubini ya kawaida haivioni.

"Mtaalamu," Tabibu anamwambia Mwanamaabara, "yai lililokomaa limesimama katikati ya mgawanyiko wake. Kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, zimepangwa katikati ya spindeli, ambayo ni fungu la mirija myembamba ya protini inayozivuta kila moja kwenda upande wake. Mirija hiyo hujengwa na kubomolewa kulingana na joto. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba hata kuliacha yai la binadamu lipoe hadi joto la chumba kwa dakika chache kunatosha kuivuruga spindeli, na katika baadhi ya mayai haikurudi ilivyokuwa hata yalipopashwa joto tena. Ikiwa chumba kinaweza kufanya hivyo, naitrojeni yenye nyuzi 196 chini ya sifuri itafanya nini? Na kromosomu moja ikipotea njia, je, yai hilo litaitwa limepona kwa sababu tu utando wake haukupasuka?"

Mwanamaabara hapingi kwamba spindeli hubomoka. Anachokipinga ni dhana kwamba kubomoka ndiyo mwisho wa habari. Mirija ile imejengwa kwa vipande vya protini vinavyobaki ndani ya saitoplazimu, na joto la nyuzi 37 likirejea, vipande hivyo hujiunga upya. Kwa msaada wa hadubini maalumu ya mwanga, inayoweza kuionyesha spindeli ndani ya yai lililo hai bila kutumia rangi, watafiti wamefuatilia tukio hilo moja kwa moja: spindeli hufifia yai linapoyeyushwa, kisha hujitokeza tena katika muda wa saa moja hadi tatu. Mwaka 1993 Debra Gook na wenzake wa Melbourne waliyachunguza mayai ya binadamu yaliyopitia baridi kali na kuyeyushwa, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya yaliyonusurika ilikuwa na spindeli na kromosomu zilizopangika kama kawaida. Kemikali zinazotumiwa kulikinga yai nazo zina mchango wake, kwani baadhi yake huishikilia mirija hiyo isiporomoke yote, jambo ambalo halipatikani kwa yai linaloachwa lipoe bila kinga katika joto la chumba. Ndiyo sababu maabara makini haziharakishi kulirutubisha yai mara tu linapotoka kwenye baridi. Huliacha litulie katika kiangulio kwa takribani saa mbili hadi tatu, muda unaotosha spindeli kujijenga lakini usiolifikisha yai kwenye uzee, kwa kuwa yai lililokomaa lina saa chache tu za ubora wake.

Jibu hili lina uzito, na linafaa kukaziwa, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kazi ya kulinda yai huisha pale linapoyeyuka. Kwa kweli kupona ni mchakato wenye hatua na saa zake, na yai linalosumbuliwa kabla ya wakati au kucheleweshwa kupita kiasi linaweza kupotea ingawa liliivuka baridi salama. Ili kuelewa kwa nini baadhi ya mayai hupona na mengine hayaponi, yafaa kutazama kwa makini kinachotokea kabla na baada ya baridi yenyewe.

Kwa miongo kadhaa njia iliyotawala ilikuwa ya kugandisha polepole. Yai liliwekwa ndani ya kikinga-baridi, yaani kemikali inayoingia katika seli na kuchukua nafasi ya sehemu ya maji, kisha likapozwa kwa kasi ya takribani nyuzi 0.3 kwa dakika hadi kufikia nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, ili barafu ianze kuota nje ya seli na kuyavuta maji yatoke ndani. Peter Mazur wa Oak Ridge, jimboni Tennessee, Marekani, alieleza na wenzake mwaka 1972 kwa nini njia hiyo ni nyembamba mno: ukipoza haraka kupita kiasi maji hayapati muda wa kutoka na barafu huota ndani, na ukipoza polepole kupita kiasi seli hukaa muda mrefu katika chumvi iliyokolea na kusinyaa hadi ikadhurika. Seli ndogo hupata nafasi ya kutosha kati ya hatari hizi mbili. Yai halipati, kwa sababu maji yake ni mengi na eneo la utando linaloyapitisha ni dogo likilinganishwa na ujazo wake, na zaidi ya hapo mafuta yaliyomo katika utando wake hukakamaa likipozwa taratibu.

Njia ya pili iliikwepa barafu kabisa. Mwaka 1985 William Rall na Gregory Fahy walionyesha kwamba viinitete vya panya, ambavyo ni mimba changa kabisa, vinaweza kuhifadhiwa bila fuwele hata moja iwapo kikinga-baridi kimekolea na upozaji ni wa ghafla. Maji hukakamaa yakiwa angavu kama peremende ya sukari iliyopoa haraka, na hali hiyo ya kioo ndiyo iliyoipa mbinu hiyo jina la vitrifikesheni. Mtoto wa kwanza kutokana na yai la binadamu lililohifadhiwa kwa njia hiyo aliripotiwa Australia mwaka 1999 na Lilia Kuleshova na wenzake, na mwaka 2005 Masashige Kuwayama wa Tokyo akaeleza kifaa chembamba kama ukanda ambacho yai huwekwa juu yake katika tone dogo lisilofikia hata sehemu ya kumi ya maikrolita. Kwa mpangilio wake, zaidi ya mayai tisa katika kumi yalinusurika.

Utaratibu wenyewe unahitaji mkono mtulivu. Kwanza yai huzamishwa kwa dakika 10 hadi 15 katika mchanganyiko wa ethilini glikoli na dimethili salfoksaidi, vikinga-baridi viwili vilivyomo kwa asilimia 7.5 kila kimoja, na hapo hunywea kwa kupoteza maji kisha hujaa tena kikinga-baridi kinapoingia. Baadaye huhamishiwa katika mchanganyiko wenye asilimia 15 ya kila kimoja pamoja na sukrosi, ambako halikai zaidi ya takribani dakika moja kwa sababu ukolevu huo una sumu, halafu hutumbukizwa katika naitrojeni na kupoa kwa kasi inayokadiriwa kuzidi nyuzi 20,000 kwa dakika. Siku ya kuliyeyusha, ukanda huingizwa kwa ghafla katika kimiminika chenye sukrosi nyingi na joto la nyuzi 37, na yai hukaa humo dakika moja. Sukrosi haipenyi utando wa yai, kwa hiyo huyazuia maji ya nje yasiingie kwa kishindo wakati kikinga-baridi kinatoka, na hupunguzwa hatua kwa hatua hadi yai linabaki katika mazingira ya kawaida, likirudia umbo lake la duara mbele ya macho ya mwanamaabara.

Hapa Mwanamaabara anaongeza jambo ambalo hata wenzake wa fani hiyo walichelewa kulitambua. Kwa muda mrefu juhudi zote zilielekezwa katika kasi ya kupoza, lakini mwaka 2009 Shinsuke Seki na Peter Mazur walionyesha kwa mayai ya panya kwamba kasi ya kupasha joto ina uzito mkubwa zaidi: mayai yaliyopozwa kwa kasi ndogo yalinusurika yalipopashwa joto kwa kasi kubwa sana, na yaliyopozwa haraka yalikufa yalipopashwa joto polepole. Kiini cha jambo ni kwamba vijifuwele vidogo visivyo na madhara vinaweza kukua na kuwa barafu ya kuua wakati wa kurudi kwenye joto, na njia pekee ya kuvizuia ni kupita eneo hilo la hatari kabla havijapata muda wa kukua.

"Basi barafu imeshindwa," Tabibu anakubali, "lakini sumu je?" Anaeleza kwamba vikinga-baridi hivyo hupandisha kiwango cha kalisiamu ndani ya yai, na kalisiamu ndiyo ishara ambayo kwa kawaida mbegu ya kiume huileta inapoingia. Yai likidanganywa hivyo, vifuko vidogo vilivyo chini ya utando wake humwaga vimeng'enya nje, na zona pelusida, ule ukuta mwangavu unaolizunguka yai, hukakamaa kana kwamba urutubishaji umekwisha kutokea. Mbegu zinazowekwa kando ya yai hilo hushindwa kupenya. Mwanamaabara anajibu kwamba kikwazo hicho kilikwisha kupata dawa kutoka upande mwingine wa taaluma, pale Gianpiero Palermo na wenzake wa Brussels walipotangaza mwaka 1992 mimba zilizotokana na kuidunga mbegu moja ndani ya yai lenyewe kwa sindano nyembamba. Mwaka 1997 Eleonora Porcu wa Bologna, Italia, aliripoti mtoto aliyezaliwa baada ya mbinu hiyo kutumiwa kwa yai lililogandishwa, na tangu hapo ukakamavu wa ukuta haukuwa tena kizuizi. Tabibu anaupokea ufumbuzi huo, ila anakumbusha kwamba mitokondria, viungo vidogo vinavyolipa yai nishati, navyo hutikiswa na baridi, na kwamba yai lenye nishati pungufu linaweza kurutubishwa vizuri kisha likakwama siku ya tatu au ya tano. Mwanamaabara halikanushi hilo.

Mjadala unafika kwenye ushahidi wa kitabibu, na hapo ndipo pande zote mbili hulazimika kusema kwa uangalifu. Mwanamaabara anataja utafiti wa Ana Cobo na wenzake wa Hispania, uliochapishwa mwaka 2010, ambamo wanawake 600 waliokuwa wakisubiri mayai ya wafadhili waligawanywa kwa kura, wengine wakipewa mayai mabichi na wengine yaliyohifadhiwa kwa vitrifikesheni. Mayai yaliyonusurika yalikuwa asilimia 92.5, na mimba zilizoendelea zilikuwa asilimia 43.7 kwa waliopewa yaliyohifadhiwa na asilimia 41.7 kwa waliopewa mabichi. Tabibu hana ugomvi na hesabu hizo. Anauliza tu mayai yale yalitoka kwa nani, na jibu ni kwamba yalitoka kwa wafadhili vijana, katika mikono ya kituo chenye uzoefu mkubwa, jambo ambalo haliwezi kuhamishwa hivi hivi kwa mwanamke wa miaka 39 katika kituo kinachoyeyusha mayai mara chache kwa mwaka.

Kuna utafiti mwingine ambao kwa haki ungepaswa kutajwa mara nyingi zaidi kuliko unavyotajwa. Mwaka 2012 Eric Forman na wenzake nchini Marekani waliyagawa mayai ya kila mwanamke mafungu mawili, fungu moja likagandishwa na jingine likaachwa bichi, kisha viinitete vya pande zote mbili vikalinganishwa. Viinitete vilivyotokana na mayai yaliyogandishwa havikuwa na kasoro za kromosomu zaidi ya vingine, na vilivyofika hatua ya kupandikizwa vilikuwa na uwezo sawa wa kushika mimba. Lakini mayai yaliyopotea njiani, kwa kutonusurika, kutorutubishwa au kutofika hatua hiyo, yalikuwa mengi zaidi upande wa baridi. Kwa utafiti huo kila sauti inapewa haki yake kwa wakati mmoja: hofu kwamba baridi huvuruga urithi wa mtoto inaondolewa, na onyo kwamba yai linaloonekana zima baada ya saa mbili huenda lisifike mbali linathibitishwa. Gharama ya baridi, kwa hiyo, hulipwa kwa idadi ya mayai. Mtoto anayezaliwa hailipi. Hata mapitio ya mwaka 2009 ya Nicole Noyes, Porcu na Andrea Borini, yaliyowajumuisha watoto zaidi ya 900 waliotokana na mayai yaliyogandishwa, hayakuona ongezeko la dhahiri la kasoro za kuzaliwa.

Mshauri, ambaye hadi hapa amesikiliza tu, anasema kwamba mabishano yote haya yanasikika tofauti yakifika kwenye kiti cha mwanamke. Anaanza na wale ambao hawana hiari: msichana wa miaka 22 aliyegundulika kuwa na saratani, na ambaye dawa zitakazomwokoa zinaweza kuziua ovari zake. Kwake swali la mayai mangapi yatapotea njiani ni swali la pili, kwa sababu bila baridi yote yatapotea. Anakumbusha pia kwamba hata sheria imewahi kuisukuma sayansi hii, kama ilivyokuwa Italia, ambako sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kuhifadhi viinitete na kuruhusu mayai matatu tu yarutubishwe kwa mara moja, hata madaktari wakajikuta hawana njia ya kuyatunza mayai yaliyobaki isipokuwa kuyagandisha yakiwa bado hayajarutubishwa. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ililegeza masharti hayo mwaka 2009, lakini uzoefu uliokwisha kupatikana ulikuwa umeusaidia ulimwengu mzima.

Kisha anamgeukia mwanamke mwenye afya anayeambiwa kwamba anaweza kuusimamisha umri. "Daktari na Mtaalamu mmeeleza vizuri jinsi yai linavyopona," anasema, "ila ielezwe pia kwamba yai hupona likiwa na umri ule ule lililoingia nao. Kasoro za kromosomu zinazoongezeka kadiri mwanamke anavyokaribia miaka 40 zilikuwamo kabla ya naitrojeni, na hakuna kimiminika kitakachozirekebisha." Anaongeza kwamba Jumuiya ya Tiba ya Uzazi ya Marekani ilipoondoa mwaka 2012 tamko kwamba mbinu hii ni ya majaribio, ilisema pia kwamba ushahidi haukutosha kuipendekeza kwa ajili ya kuahirisha uzazi tu, na kwamba sehemu hiyo ya pili ya tamko haikupata wasomaji wengi. Na usalama wa mayai hautegemei kemia pekee, bali pia tangi lisilokauka: mwezi Machi 2018 matangi ya vituo viwili vya Marekani, kimoja Cleveland na kingine San Francisco, yaliharibika katika wikendi ile ile, na katika kile cha Cleveland pekee mayai na viinitete zaidi ya 4,000 viliathirika. Uingereza iliporuhusu kuanzia Julai 2022 mayai yahifadhiwe hadi miaka 55, badala ya kikomo cha kawaida cha miaka 10 kilichokuwapo awali, iliongeza pia urefu wa muda ambao mtu lazima alitazame tangi hilo.

Tabibu na Mwanamaabara hawamalizi wakiwa mahali pamoja, na si lazima wamalize hivyo. Lakini uzito wa ushahidi unaelekea upande unaoonekana: yai la binadamu lililohifadhiwa kwa vitrifikesheni, likapashwa joto kwa kasi na kupewa saa zake za kutulia, huweza kupona hadi ndani ya spindeli yake, na baridi si tena sababu kuu ya mwanamke kukosa mtoto kutokana na mayai aliyoyaweka. Sababu kuu zilizobaki ni umri wake siku yalipotolewa, idadi yake, na ustadi wa mikono iliyoyashika. Kwa hiyo asilimia ya mayai yaliyonusurika, ambayo ndiyo hutangulia katika matangazo ya vituo vingi, haimtoshi anayefanya uamuzi. Mwanamke anayefikiria kuhifadhi mayai yake, na familia inayomsaidia kulipia, waombe kuonyeshwa kwa maandishi mayai mangapi ya wanawake wa umri wake yaliyeyushwa katika kituo hicho hicho, na watoto wangapi walizaliwa kutokana nayo, na kituo kisichoweza kutoa hesabu hiyo kisipewe mayai yake.